Wauguzaji wenzangu mnaokwenda Mumbai, msishinde chumbani

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba anayekwenda Mumbai kwa matibabu hana cha kuona isipokuwa foleni za magari na maduka ya vitambaa. Kuhusu foleni sina ubishi naye. Kuhusu vitambaa aulizwe mke wangu. Lakini kusema jiji lile na viunga vyake havina kitu ni kuwapotosha watu, tena watu ambao tayari wamebeba mzigo wa kutosha, yaani wauguzaji, sisi tunaosindikiza wagonjwa na kuwatunza.

Mimi ni fundi mstaafu wa injini za treni hapa Morogoro. Nilimpeleka mke wangu Mumbai kutengenezwa vali ya moyo. Waliowahi kumpeleka mgonjwa India wanajua hali ilivyo. Operesheni yenyewe ni ya siku moja, kinachomaliza watu ni kungoja. Leo vipimo, keshokutwa majibu, wiki ijayo kliniki, halafu daktari yuko safari. Mgonjwa amelala nyumba ya wageni akitazama tamthilia za Kihindi, muuguzaji yuko kitanda cha pili anahesabu rupia. Sisi tulibahatika kuwa na binti wa shemeji yangu, tukagawana zamu. Na aliyenitoa chumbani ni mgonjwa mwenyewe. Aliniambia nikiendelea kumkodolea macho anavyopumua nitamtia ugonjwa wa pili.

Wakala aliyetutafutia nyumba alikwisha kututoza fedha kwa kitu alichokiita ziara ya jiji. Tulipelekwa maduka mawili makubwa na kuoneshwa geti la nyumba ya mcheza sinema. Geti! Baada ya hapo nikaamua kujitafutia mwenyewe, na kwa kuwa maisha yangu yote nimeishi na reli, nilianzia stesheni.

Stesheni yenyewe inatosha kumshibisha mtu asubuhi nzima. Ile kubwa ya katikati ya mji sasa inaitwa Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ila wenyeji wengi bado wanasema VT, kwa jina lake la kale la Victoria. Ujenzi ulianza 1878 ukachukua miaka kumi, mchoraji akiwa Frederick William Stevens, na tangu 2004 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwenye kuta wamechonga nyani, tausi na mijusi ya mawe, na chini yake watu wanakimbilia treni bila kuinua macho. Jirani na hapo, Aprili 16, 1853, iliondoka treni ya kwanza ya abiria ya India kwenda Thane, safari ya kilomita 34. Mimi nilikuwa nainua macho, nikapigwa vikumbo vya kutosha.

Treni za mjini wanaziita lokali, na ndizo zitakazokupeleka karibu kila mahali ninapopataja. Njia ya Magharibi inaanzia Churchgate kwenda Borivali, Vasai Road na Virar. Njia ya Kati inaanzia hapo VT kwenda Thane, Kalyan na Karjat. Watu wanaziogopa kwa sababu ya picha za abiria wanaoning'inia milangoni. Hofu hiyo ni ya haki, lakini fikirini: asubuhi umati unaingia mjini ukitoka kaskazini, na wewe mtalii unakwenda kaskazini. Behewa lako lina nafasi. Jioni wao wanarudi makwao, wewe unarudi mjini, bado una nafasi. Kuna mabehewa ya wanawake peke yao, na kuna behewa la walemavu ambalo wagonjwa wa saratani nao wanaruhusiwa kupanda. Na jambo moja nililoambiwa na muuza tiketi kwa msisitizo: ukitaka kushuka Borivali, usipande treni ya haraka ya Virar. Abiria wa Virar wanaona umewaibia nafasi, na wakijipanga mlangoni hushuki ng'o.

Borivali ndipo mahali pa kwanza ninapowasihi wauguzaji wafike. Ukitoka stesheni upande wa mashariki, si mbali, unakuta geti la Hifadhi ya Sanjay Gandhi, msitu wa kilomita za mraba zaidi ya 100 ulioingia ndani ya jiji, na chui wamo, si hadithi. Ndani kuna basi linalokupeleka hadi mapango ya Kanheri. Naita mapango kwa kukosa neno, maana hakuna hata moja lililojitengeneza. Watawa wa Kibudha waliyachonga kwenye mwamba mweusi, zaidi ya mia moja, kwa karne kama kumi kuanzia karibu na mwaka 100 kabla ya Kristo. Kuna ukumbi wa ibada wenye safu za nguzo, kuna vyumba vidogo vyenye kitanda cha jiwe, na kuna baraza la kukalia nje.

Wengine wanapiga picha sanamu za Buddha. Mimi nilichokaa kukitazama ni maji. Juu ya mwamba wamechimba mifereji myembamba, upana wa viganja viwili, inayokusanya mvua na kuitelemsha hadi kwenye tangi lililochongwa ubavuni mwa pango. Karibu kila pango lina tangi lake. Hakuna bomba, hakuna pampu, hakuna saruji. Nilifika kiangazi na baadhi ya matangi bado yalikuwa na maji. Nilipiga magoti nikapima mteremko wa mfereji mmoja kwa chupa yangu ya maji, mlinzi akaja kuuliza kama nimeangusha kitu. Kwetu Kihonda tuna mabomba ya kisasa na maji hayatoki, basi nisiseme zaidi.

Kwenye kuta kuna maandishi yanayotaja waliochangia kazi hiyo, wakiwemo wafanyabiashara wa Kalyan na Sopara. Hizo zilikuwa bandari. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza unazitaja bandari hizo mbili, na kitabu hicho hicho kinaitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu ambayo wanahistoria hawajakubaliana ilikuwa wapi hasa. Kwa hiyo fedha iliyochonga matangi yale ilitoka kwenye bahari ileile ambayo wazee wetu walikuwa wakiuzia pembe.

Elephanta, au Gharapuri kama wenyeji wanavyokiita kisiwa hicho, kila mtu atakutajia. Boti zinatoka Gateway of India, lile lango kubwa la mawe ufukweni mwa Mumbai, mwendo wa kama saa moja. Vaa jaketi la kuokolea hata kama mwenzako anakucheka: Desemba 2024 boti ya jeshi la majini iliigonga boti ya abiria iliyokuwa ikielekea huko, watu wakafa. Huko ndiko mke wangu alikopewa ruhusa na daktari kwenda, tayari amepata nguvu. Kutoka gatini hadi pangoni kuna ngazi zaidi ya mia, na kwa wasiojiweza kuna viti vinavyobebwa mabegani na wanaume wanne. Mke wangu alikiangalia kile kiti, akawaangalia wale vijana, akasema yeye habebwi tena na mtu, juzi tu ametoka kwenye machela. Tukapanda kwa miguu, tukipumzika kila kibanda cha shanga, na wauzaji wakidhani kila tunaposimama tunataka kununua. Kwa kweli tulinunua.

Pangoni kuna sanamu ya Shiva mwenye nyuso tatu, karibu mita sita kwenda juu, imechongwa humo humo kwenye mwamba yapata karne ya sita. Uso wa katikati umefumba macho. Mke wangu ni Mwislamu safi na hakuwa na nia ya kuipenda sanamu, lakini alikaa mbele yake muda mrefu, akasema aliyechonga hakuwa na haraka. Angalizo: nyani wa pale ni majambazi. Walitupora chupa ya juisi na kuifungua kizibo mbele yetu. Na Jumatatu panafungwa, kama Kanheri.

Sasa niingie kwenye kitu changu. Ukipanda lokali ya Karjat ukashuka Neral, unakuta upande wa pili reli ambayo utadhani ni ya watoto. Upana wake ni milimita 610. Ile ya Mumbai ni 1,676, yetu ya zamani ya kati ni 1,000, SGR ni 1,435. Kireli hicho kinapanda mlima hadi Matheran, kilomita kama 21, kwa mteremko unaofika moja kwa ishirini, bila reli ya meno katikati, magurudumu na chuma tu. Kwa wasio mafundi: kila unapokwenda mita ishirini umepanda mita moja, na hapo kuna kona ambazo ukikaa behewa la mwisho unamwona dereva usoni. Aliyekijenga ni Abdul Hussein Adamjee Peerbhoy, mtoto wa tajiri wa Kibohora wa Bombay, jina la kale la Mumbai. Mabohora tunawajua, misumari na rangi ya nyumba yangu nimenunua kwao. Injini za kwanza za mvuke zilitoka kiwanda cha Orenstein & Koppel, Berlin, na njia ikafunguliwa Machi 1907. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro. Nilimweleza hayo msaidizi wa dereva kwa Kiingereza changu cha karakana, nikamwambia pia kwamba nimefungua injini za daraja la 73 zilizoundwa Varanasi na kuletwa kwetu miaka ya 1970. Akanipa mkono wenye grisi. Hapo nikajisikia nyumbani.

Juu Matheran magari hayaruhusiwi. Yote yanaachwa Dasturi, kilomita chache kabla ya mji, na kuanzia hapo ni miguu, farasi, kile kitreni au bajaji chache za umeme. Udongo mwekundu unakuingia hadi masikioni. Baada ya wiki nyingi za honi za Mumbai, ukimya wa pale ulinisumbua kidogo, nikawa nasikia mapigo yangu mwenyewe. Ukingoni mwa mlima unaona bonde lote hadi ukungu unapoanza. Msimu wa mvua kitreni hakipandi kutoka Neral, kinafanya kazi kipande cha juu tu, kwa hiyo uliza kwanza.

Mapango ya Karla, upande wa mji wa Lonavala, nayataja kwa haraka: mbao za mviringo zilizowekwa darini miaka kama elfu mbili iliyopita bado zimo. Seremala yeyote aende.

Vasai na Janjira, ngome mbili za kale, nilikwenda na mzee wa Mombasa, tulijuana kwenye foleni ya maabara, yeye akimuuguza kaka yake. Amefanya kazi majahazini ujana wake. Vasai unashuka Vasai Road, kisha basi au bajaji hadi ngomeni. Wareno waliuchukua mji huo 1534 na kukaa zaidi ya miaka mia mbili, hadi jeshi la Wamaratha, dola ya Wahindi wa upande ule, chini ya Chimaji Appa lilipowang'oa 1739. Zimebaki kuta, makanisa yasiyo na mapaa, na mawe ya makaburi ya mabwana wa Kireno ambayo mbuzi wanalalia. Mzee alizunguka mara moja tu akasema, "Hii ni Fort Jesus iliyokosa mwangalizi." Hakukosea sana. Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyeichora Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, alikuwa mhandisi mkuu wa ngome za Wareno upande huu wote wa dunia, na Vasai ni mojawapo ya ngome alizozishughulikia. Mombasa Wareno walitolewa na Waomani 1698. Mzee alifurahi kwamba sisi tuliwahi.

Janjira ndiyo sababu hasa ya barua hii. Si safari ya mtu mvivu. Ni kusini mwa Mumbai, zaidi ya kilomita 150 kwa barabara, na sisi tuliondoka alfajiri: boti hadi Mandwa, basi hadi Alibag, basi jingine hadi Murud, bajaji hadi kijiji cha Rajapuri. Binti alinipigia simu tukiwa njiani: "Baba mkubwa, mama anauliza kama mmeshafika Zanzibar."

Rajapuri unaiona ngome katikati ya maji, nyeusi, imejaa kisiwa kizima, huoni mlango. Mnavushwa na mashua za tanga. Mzee akashika kamba bila kuombwa, akamwonesha nahodha kwamba foromali, ule mti unaoshika tanga, imefungwa vibaya, wakaanza kubishana, huyu kwa Kiswahili na yule kwa Kimarathi, na ninaapa walielewana. Ukikaribia sana ndipo mlango unajitokeza kati ya minara miwili. Mashua haifungwi vizuri, inapanda na kushuka na mawimbi, na unaruka kwenye ngazi zenye ukoga wa baharini wakati mtu amekushika kwapa. Mgonjwa asipelekwe huko.

Ukutani, pembeni mwa mlango, kuna mnyama mfano wa simba aliyechongwa akiwa amewakamata tembo, mmoja kwenye kila mguu, mwingine mdomoni. Huo ni ujumbe, na waliouweka walikuwa Waafrika. Ngome hiyo na nchi iliyoizunguka ilitawaliwa na Masiddi, watu wenye asili ya Uhabeshi na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, ambao mababu zao walifika India wengine wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia. Tangu karne ya 17 walikuwa ndio wenye bahari ile. Waliwahi kuwa maamiri wa meli za Wamoghuli, wafalme waliotawala sehemu kubwa ya India enzi hizo. Shivaji, mfalme wa Wamaratha ambaye jina lake limeandikwa kwenye stesheni niliyoitaja, alijaribu kuiteka Janjira akashindwa, na mwanawe Sambhaji akajaribu akashindwa. Mwaka 1689 Siddi Yakut Khan alishuka Bombay yenyewe akawazingira Waingereza ndani ya ngome yao, na hawakupumua hadi mwaka uliofuata. Utawala wa Masiddi ulikwisha 1948, Janjira ilipoingizwa katika India huru. Yaani wazazi wangu walikuwa hai na wameshaoana.

Ndani kuna mabwawa mawili ya maji yasiyo na chumvi, bahari ikiwa pande zote. Kuna jumba la ghorofa lililobaki ukuta mmoja wenye madirisha, na mizizi ya miti imepita kwenye madirisha hayo. Juu ya kuta mizinga imelala, mmoja wanauita Kalal Bangdi, mrefu ajabu. Niliushika nikaungua, jua lilikuwa la saa saba. Nahodha hakutupa hata saa nzima, alianza kupiga kelele turudi. Njiani aliniuliza kama mimi ni Siddi. Nikamwambia mimi ni Mluguru. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Nimesoma hadi darasa la kumi na mbili, nimefundishwa Vasco da Gama, nimefundishwa Bismarck. Hakuna mwalimu aliyenitajia kwamba kuna Waafrika waliotawala pwani ya India kwa miaka zaidi ya mia tatu. Nilisikia kwa mara ya kwanza kwa mzee wa Mombasa, kwenye foleni ya kutolewa damu.

Kwa hiyo, Mhariri, gazeti lako linapochapa kurasa za matibabu India, na matangazo ya mawakala yamejaa humo, tunaomba robo ukurasa kwa ajili ya anayesindikiza. Mwelezeni kwamba Juni hadi Septemba ni mvua kubwa, mashua za Janjira hazivushi na boti nyingi za Mandwa zinasimama. Mwelezeni kwamba mgeni hulipa kiingilio tofauti na mwenyeji. Elephanta tulipofika mwenyeji alikuwa akilipa rupia 40 na sisi 600, asije akadhani ameibiwa kama nilivyogombana mimi dirishani. Na mwambieni aweke namba ya simu ya mgonjwa mfukoni, iliyoandikwa kwenye karatasi, maana betri ya simu huwa inaisha Kalyan.

Swali langu la mwisho ni kwa wasomaji. Tuliambiwa kwamba Masiddi wengine wako Gujarat, huko Ratanpur, kwenye kaburi la Bava Gor, na kwamba wanapiga ngoma ambayo mtu wa pwani akiisikia anaitambua. Mke wangu anarudi kliniki mwakani na safari hii anataka kwenda yeye. Kama kuna aliyefika, atuandikie kupitia ukurasa huu ni treni gani inashusha karibu, na kama kuna ngazi.

Fundi mstaafu wa reli,
Kihonda, Morogoro.